Kibarua wa kaunti anayedai ajira ya kudumu: njia ya mahakamani kwa walio Lamu na Malindi

Kabla ya kumtafuta wakili, jua wewe ni mfanyakazi wa aina gani, maana kesi nyingi hufia hapo. Kisheria, kibarua ni yule anayelipwa kila siku ikiisha na asiyeajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Anayefagia soko la Malindi au kuzoa taka mitaa ya Lamu mwezi mzima mfululizo, hata akiitwa kibarua, kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamgeuza kuwa mfanyakazi wa mshahara wa mwezi. Siku ya mapumziko ya wiki na sikukuu huhesabiwa humo humo, kwa hivyo Idi haikatizi mfululizo wako. Ukifikisha miezi miwili, unastahili masharti ambayo ungepewa lau hukuanza kwa ukibarua.

Lakini kifungu hicho hakimwokoi kila mtu. Aliyetia saini mkataba wa miezi 6 au mwaka yuko fungu jingine, na wa kazi ya kipande, anayelipwa kwa kiasi cha kazi aliyofanya, vilevile. Mahakama ya Rufaa ililitenganisha hilo mwaka 2017 katika kesi ya wafanyakazi wa kampuni ya Krystalline Salt. Mwenye mkataba hutegemea ahadi au mwenendo wa mwajiri uliompa sababu ya haki kuamini kwamba ataendelea. Kuongezewa muda mara kadhaa, peke yake, kwa kawaida hakutoshi.

Ushahidi ukusanye ungali kazini, kwani ukishaachishwa hata getini hupiti. Piga picha daftari la mahudhurio penye jina lako, tarehe na saini, na ratiba ya zamu iliyobandikwa ukutani. Chukua taarifa ya NSSF inayoonyesha jina la mwajiri mwezi kwa mwezi, na ya benki au M-Pesa. Kisha chora jedwali moja: mwezi, siku ulizofanya kazi, pesa ulizopokea, karatasi inayothibitisha. Penye pengo, acha pengo. Ukilijaza kwa kubahatisha, wakili wa kaunti atalipata na jedwali zima litatiliwa shaka. Mwajiri akishindwa kuleta mkataba wa maandishi, mzigo wa kuthibitisha masharti ni wake, ila kwamba ulifanya kazi ni juu yako kuonyesha.

Hatua inayorukwa sana ni hii. Andikia Bodi ya Utumishi wa Umma ya kaunti yako (wa Malindi ni ya Kilifi) uombe masharti yako yarekebishwe, na nakala yako ipigwe mhuri wa kupokelewa. Ukikataliwa, kata rufaa kwa maandishi kwa Tume ya Utumishi wa Umma ndani ya siku 90, chini ya kifungu cha 77 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012. Ukienda moja kwa moja kwa jaji, kaunti itaomba kesi itupwe, na mara nyingi hutupwa.

Wakati huo muda unayoyoma. Una miaka 3 ya kushtaki, jaji hana uwezo wa kuiongeza, na mazungumzo hayaisimamishi.

Mahakama ya Leba husikiza kesi Malindi, na nyaraka huwasilishwa mtandaoni: dai, kiapo cha kulithibitisha, taarifa za mashahidi na orodha ya ushahidi. Usiombe ajira ya kudumu na pensheni tu. Nafasi za umma hutakiwa kutangazwa na kushindaniwa, ndiyo maana majaji husita kuzigawa. Tanguliza ombi kwamba utamkwe kuwa mfanyakazi kwa masharti ya sheria, chini ya kifungu cha 37(4). Halafu taja likizo ya siku 21 kwa kila mwaka na, kama umeachishwa, notisi ya siku 28, malipo ya utumishi (ya miaka uliyofanya kazi) ikiwa hukuwa mwanachama wa NSSF, na fidia isiyozidi mishahara ya miezi 12.

Ukishinda, dalali hawezi kunadi mali ya kaunti. Chukua hati ya amri, inayoonyesha kiasi unachodai, kwa msajili wa mahakama, uipeleke kaunti, na wasipolipa urudi mahakamani uombe amri ya kumlazimisha afisa anayesimamia fedha alipe.