Mtama wako unahimili ugonjwa gani? Ijue fugwe kabla hujachagua mbegu

Mwezi Machi, miaka kadhaa iliyopita, nilikuwa kwenye shamba la mtama wilayani Bahi, mkoani Dodoma. Mama mwenye shamba akaninyooshea suke bila kusema kitu. Kwa mbali lilikuwa suke zima, limejaa. Nilipolifikicha kiganjani, punje zikapasuka na kutoa unga mweusi kama masizi ya sufuria, ukaganda kwenye mistari ya kiganja hadi jioni. "Bwana shamba," akasema, "si ulituambia mbegu hii haiugui?"

Nilikuwa nimesema hivyo kweli. Kwenye mkutano wa Novemba niliwaambia mbegu ile "inastahimili magonjwa", na kwa sababu ya maneno yangu wengi hawakuhangaika kuipaka dawa. Kipeperushi nilikisoma harakaharaka. Ukinzani uliotajwa mle ulikuwa wa ugonjwa wa majani. Fugwe, yaani ule ugonjwa wa unga mweusi, haikutajwa popote. Tangu siku ile nikisikia "inastahimili magonjwa", iwe redioni, kwenye mfuko wa mbegu au mdomoni mwa afisa ugani mwenzangu, nauliza: ugonjwa gani?

Mfano mzuri ni Hakika na Wahi. Mbegu hizi mbili za mtama ziliruhusiwa kutumika nchini mwaka 2002, na sifa iliyozitangaza ni kuhimili kiduha, lile gugu linalonyonya mizizi ya mtama. Kiduha ni mmea, fugwe ni kuvu. Mtu akinunua Wahi ili aondokane na masuke meusi, atakuwa amenunua kufuli la mlango mwingine.

Fugwe zenyewe ziko zaidi ya moja

Hapa ndipo wengi tunapotea, na mimi nilipotea hapo. Tunaita zote fugwe, lakini njia zake za kuingia kwenye mmea hazifanani.

Ile ya yule mama ni fugwe ya punje. Suke linabaki na umbo lake, ila kila punje imegeuka kifuko kidogo cha rangi ya kijivu kilichojaa unga mweusi. Vifuko vinapasuka wakati wa kupura, unga unagandamana na punje nzima, na mwaka unaofuata mkulima anaupanda mwenyewe pamoja na mbegu. Kuvu inaingia kwenye mche ukiwa bado chini ya udongo, inakua nao kimyakimya, na huioni mpaka suke litoke. Sisi wa Dodoma tunaoberega (kukwangua ardhi juujuu bila kulima) na kupanda kavu kusubiri mvua tuna sababu ya ziada ya kuiogopa: mche unaochelewa kutokeza unakaa muda mrefu mahali ambapo kuvu inaweza kuuingia. Lakini kwa kuwa adui amekaa juu ya ngozi ya mbegu, hii ndiyo fugwe rahisi kuliko zote kuizuia. Dawa ya unga ya kupaka mbegu yenye thiramu inatosha, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti.

Ya pili ni fugwe ya suke. Suke lote, au sehemu kubwa yake, linatoka likiwa bonge moja lililofunikwa ngozi nyeupe. Ngozi ikichanika, upepo unabeba unga mweusi na zinabaki nyuzinyuzi nyeusi zinazoning'inia kama nywele. Unga huo unaanguka ardhini na kukaa miaka. Kupaka mbegu dawa hapa hakukusaidii sana, maana ugonjwa unaisubiri mbegu kwenye udongo. Kata bonge kabla halijapasuka, litie kwenye mfuko hapohapo, ulichome au ulifukie mbali na shamba. Kisha panda kunde, karanga au alizeti katika kipande hicho, na mtama utakaourudisha uwe wa mbegu yenye ukinzani wa fugwe hii hasa.

Ya tatu ni fugwe ndefu. Punje chache tu kwenye suke zinarefuka kama vipembe vidogo, zimetawanyika huku na kule. Hii inaletwa na upepo wakati mtama unachanua, kwa hiyo dawa ya mbegu haina kazi yoyote kwake. Inapenda maeneo makavu kama yetu. Kwa kawaida hasara yake si ya kukufilisi.

Mbegu kinzani inavyopatikana

Kituo cha Hombolo cha TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania), hapahapa Dodoma, kinashughulika na mtama na uwele. Mkulima akijua kazi ya kuboresha mbegu inavyokwenda, hata maswali yake kwa muuza mbegu yanabadilika.

Suke la mtama linachanua kuanzia juu kushuka chini, kwa muda wa kama wiki moja. Kila ua lina dume na jike, kwa hiyo mtama kwa kawaida unajichavusha wenyewe. Tuseme mtafiti ana mtama mtamu kwa ugali lakini unaougua, na mwingine mchungu usiougua. Alasiri anaketi na kibanio, anatoa vifuko vya chavua kimoja kimoja kabla havijapasuka, kisha analivika suke mfuko wa karatasi. Asubuhi inayofuata, maua yakifunguka, anayapaka chavua ya ule mwingine. Ni kazi ya macho na subira, na punje zinazopatikana ni chache.

Kizazi cha kwanza kinafanana chote. Cha pili ndicho kinachotawanyika: huyu mrefu, huyu mfupi, huyu mchungu, huyu mtamu anayeugua, na mmoja mmoja mtamu asiyeugua. Kumpata huyo inabidi ugonjwa uitwe makusudi. Kwa fugwe ya punje, mbegu zinachanganywa na ule unga mweusi kabla ya kupandwa. Kwa fugwe ya suke, mche mchanga unadungwa sindano yenye maji ya vimelea. Kwa ukungu wa punje, shamba linanyunyiziwa maji kutokea juu tangu kuchanua hadi kukomaa, na mavuno yanacheleweshwa kusudi. Kandokando panapandwa mtama unaojulikana kwa kuugua. Ule usipougua, jaribio limeshindwa, maana hakuna anayejua kama hawa wengine wamehimili au hawakufikiwa.

Hayo yanarudiwa kizazi baada ya kizazi, kisha mbegu inajaribiwa sehemu mbalimbali. Kutoka siku ya kibanio mpaka mfuko wenye lebo ya TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu nchini, miaka 8 hadi 10 inaweza kupita. Na jaribio moja linapima ugonjwa mmoja. Ndiyo maana nang'ang'ania jina.

Watu wa ngano wanalijua hili kwa uchungu. Kwa miaka mingi ngano ya nchi nyingi ililindwa na jeni (chembe ya urithi) moja, Sr31, dhidi ya kutu ya shina, ugonjwa wa ngano unaoletwa na kuvu. Mwaka 1998 nchini Uganda ilionekana kutu iliyoivuka jeni hiyo, ikaitwa Ug99. Ilipita Kenya na Ethiopia, mwaka 2006 ikawa Sudan na Yemen, 2007 Iran, na 2009 ikathibitika hapa Tanzania. Tangu 2005 ngano kutoka pembe nyingi za dunia inaletwa Njoro, Kenya, ipandwe palipo na kutu kali ionekane ipi inasimama. Kwa upande mwingine ipo jeni iitwayo Sr2, iliyoingia kwenye ngano ya mkate kutokana na kazi ya Mmarekani Edgar McFadden, aliyeoanisha ngano mbili tofauti mwaka 1916. Hiyo haizuii kutu kabisa. Inaipunguza mwendo tu, mmea unakuwa na madoa kidogo, lakini imedumu zaidi ya miaka 80.

Kwa hiyo ukiona mbegu kinzani ina madoa machache usikimbilie kusema umetapeliwa. Na kijiji kizima kisipande mbegu moja kwa sababu mwaka jana ilifanya vizuri. Mbili au tatu tofauti, hata kama moja inazaa kidogo, ni afadhali.

Ukungu na mtama mweupe

Kuna jambo ambalo bado halijapata jibu safi. Mbegu za muda mfupi zilibuniwa ili ziuwahi ukame, na kwa mvua yetu ya Desemba hadi Aprili zimeokoa kaya nyingi. Ila zikipandwa mapema, zinakomaa mvua ikiwa bado inanyesha. Suke lililofungamana linakaa na maji ndani, punje zinaota ukungu wa waridi na mweusi. Mtama mwekundu mchungu, ule ambao hata kweleakwelea wanausitasita, unahimili ukungu vizuri zaidi, lakini viwanda vya bia na wasagaji wanataka mweupe. Mtafiti anavutwa huku na huku, na mkulima naye pia.

Ukungu si wa kuchezea. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Ile ilikuwa kwenye mahindi, lakini mtama ulioota ukungu nao haupaswi kuliwa, wala kupikiwa togwa kwa kisingizio kwamba utachachuka. Kama unalima mtama mweupe, chagua wenye suke lililoachana, panga tarehe ya kupanda ili ukomae mvua zikikatika, na uvune mara punje inapoonyesha doa jeusi pale chini iliposhikana na suke. Hilo doa ndilo ishara ya kukomaa. Kuuacha ukaukie shambani siku za mvua ni kuukabidhi kwa kuvu.

Unapojiwekea mbegu mwenyewe

Kwa desturi tunachagua masuke makubwa, yaliyoshikana, baada ya kuvuna. Mie naona tunachelewa. Ukubwa wa suke haukuambii jirani yake alikuwa mgonjwa. Ingia shambani kabla ya mavuno, kaa mbali na mpaka wa jirani anayelima mtama mwingine (mita 200 ni nzuri, ukipata), ufunge kitambaa kwenye mimea iliyosimama safi katikati ya iliyougua. Masuke 100 yanatosha ekari moja na yanabaki ya kurudishia. Yapure peke yake, juu ya turubai safi, kabla ya kupura mengine. Kuyatundika juu ya meko kama walivyofanya bibi zetu kunasaidia dhidi ya wadudu, lakini moshi hauondoi unga wa fugwe. Kwa hiyo dawa ipakwe bado, siku chache kabla ya kupanda. Mbegu iliyopakwa hailiwi na mtu wala kuku, na kuosha hakuifanyi iwe chakula.

Yule mama wa Bahi mwaka uliofuata alipaka nusu ya mbegu akaacha nusu, akapanda mistari ya pande mbili ubavu kwa ubavu. Nilipofika Machi alikuwa amekwishahesabu masuke 100 kila upande na kuandika kwa mkaa kwenye ukuta wa tembe yaliyougua: 14 kwa 0. Hakuniuliza chochote safari hii. Alinipa masuke mawili ya fugwe ndefu kwenye bahasha ya kaki, akasema hizi je, maana dawa yako hizi haikuziona.