Jinsi ya kuomba idhini ya mpango wa matumizi bora ya nishati kwa mdhibiti wa umeme

Shirika la umeme hupata fedha kwa kuuza uniti. Likiwasaidia wateja kutumia uniti chache, linapunguza mapato yake lenyewe, na hapo ndipo nia njema hukwama. Kwa hiyo usiombe kurudishiwa gharama za mpango peke yake. Omba pia kinga ya mapato na motisha ya matokeo, vyote katika ombi moja.

Anza na sheria. Je, kuna lengo la lazima la kuokoa nishati? Texas iliweka lake mwaka 1999. Italia ilianza vyeti vyeupe, yaani vyeti vinavyothibitisha kiasi cha nishati kilichookolewa, mwaka 2005. Lengo likiwepo, ombi lako litaeleza namna ya kulifikia. Lisipokuwepo, thibitisha haja kwanza.

Kisha piga hesabu: kuokoa uniti moja kunagharimu kiasi gani, ukilinganisha na kuizalisha na kuisafirisha? Ifanye mara mbili, kwa upande wa shirika na kwa upande wa jamii nzima, ukijumlisha fedha anazotoa mteja mwenyewe.

Sehemu ya mapato ndiyo ya kuandikwa kwa uangalifu kuliko zote. Tuseme gharama zisizobadilika zilizoidhinishwa ni 1,000, na mauzo yanayotarajiwa ni uniti 100. Kila uniti inabeba 10. Zikiuzwa 98, shirika linapungukiwa na 20, ingawa nguzo na transfoma ni zilezile. Omba utaratibu wa kutenganisha mapato na mauzo: pengo la 20 linaongezwa kwenye bei za mwaka unaofuata, na zikiuzwa 103, ziada ya 30 inarudishwa kwa wateja. Andika waziwazi kwamba utaratibu huu unakata pande zote mbili, maana bila hilo utaonekana umekuja kupandisha bei tu. California ilianza kuutumia kwa umeme mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Kwa motisha, omba sehemu ya akiba iliyothibitishwa. Kuomba asilimia ya fedha zilizotumika ni kosa, kwani shirika litalipwa hata kwa matumizi ya hovyo.

Taja mkaguzi huru, na jinsi atakavyowaondoa wadandiaji kwenye hesabu, yaani wateja ambao wangenunua kifaa bora hata bila ruzuku.

Wasilisha ombi pamoja na majedwali yake, kisha jiandae kwa kikao cha wadau. Swali zito litatoka kwa wanaowatetea wenye kipato kidogo: kwa nini asiyeweza kununua jokofu jipya achangie ruzuku ya mwenye uwezo? Ni swali la haki. Lijibu ndani ya bajeti, kwa kuwatengea kaya hizo fungu lao na vifaa vya bure.

Idhini ikitoka, pima matumizi ya sasa kabla ya kubadilisha hata taa moja. Bila takwimu hizo za awali, mkaguzi hatakuwa na kitu cha kulinganisha, na motisha uliyoiomba haitalipwa.