Pima hatifungani kwa hesabu mbili: bei ya muda na bei ya uaminifu

Riba ya hatifungani, yaani karatasi ya mkopo unaoipa serikali au kampuni, inakulipa kwa mambo mawili: kusubiri, na kubeba hofu kwamba mkopaji hatalipa. Ukiyachanganya, unaweza kuikimbia hatari moja ukaingia mikononi mwa nyingine. Benki ya Marekani ya Silicon Valley Bank ilipoanguka Machi 2023, mikononi mwake ilikuwa na hatifungani za serikali ya Marekani na nyingine za mikopo ya nyumba zenye udhamini imara. Karibu hakuna aliyetilia shaka kwamba zingelipwa. Kilichoiumiza ni muda: ilikuwa imefunga fedha kwa miaka mingi wakati riba iko chini sana, kisha riba ikapanda na bei ya karatasi hizo za zamani ikashuka. Iliuza karatasi za takribani dola bilioni 21 kwa hasara ya dola bilioni 1.8. Siku iliyofuata wateja wakataka kutoa dola bilioni 42, na kesho yake ikafungwa.

Ndiyo maana mimi hupiga hesabu mbili tofauti kabla ya kununua. Utaratibu wenyewe ni huu.

Hatua ya 1: Andika tarehe utakayohitaji fedha

Tarehe hiyo itangulie kuangalia riba. Fedha ya ada ya mwaka kesho haina kazi kwenye hatifungani ya miaka 20, hata kama riba yake inavutia kiasi gani.

Hatua ya 2: Hesabu faida hadi kuiva

Kuponi, yaani riba ya kila mwaka, ni ahadi iliyoandikwa kwenye karatasi. Faida yako inategemea bei uliyonunulia. Chukua hatifungani ya kuponi 5, inayouzwa 90, iliyobakiza miaka 5 na itakayolipa 100 ikiiva, yaani muda wake ukiisha. Kila mwaka unapata 5 za kuponi, na ukigawa lile ongezeko la 10 kwa miaka 5 unapata 2 nyingine. Gawa 7 kwa wastani wa bei, yaani 95. Jibu ni karibu asilimia 7.4, na kikokotoo kamili kitakupa karibu 7.5. Njia hii ya mkato inatosha kumbaini muuzaji anayekutajia kuponi peke yake.

Hatua ya 3: Panga riba kwa muda, kuanzia mwaka 1 hadi 30

Chukua hatifungani za serikali moja, kwa sarafu moja, uandike faida ya kila muda. Benki kuu inashika sana upande wa muda mfupi. Upande wa muda mrefu unaamuliwa na wanunuzi, wanaotazama mfumuko wa bei, ukubwa wa deni la serikali na wingi wa hatifungani zinazokuja sokoni.

Watu wengi hukosea hapa, wakidhani benki kuu ikishusha riba basi kila riba itashuka. Kati ya Septemba na Desemba 2024, benki kuu ya Marekani ilishusha riba yake kwa jumla ya pointi 1 ya asilimia, kutoka 5.25–5.50 hadi 4.25–4.50. Katika kipindi hichohicho faida ya hatifungani ya miaka 10 ilipanda kutoka karibu asilimia 3.6 hadi karibu 4.6. Aliyenunua ya muda mrefu kwa kutegemea tangazo la benki kuu alipoteza mtaji.

Kisha uliza soko linatarajia nini. Tuseme ya mwaka 1 inatoa asilimia 6 na ya miaka 2 inatoa 5. Zidisha 1.05 kwa 1.05, ugawe kwa 1.06. Unapata takribani 1.04, maana yake soko linakisia riba ya mwaka wa pili kuwa asilimia 4. Ukiamini itakuwa juu ya hapo, nunua ya mwaka 1 kisha uiwekeze upya. Ukiamini itakuwa chini, funga miaka 2 leo. Kwa hiyo kusema tu "riba zitashuka" hakukupi sababu ya kununua, kwa kuwa mshuko huo umeshaingizwa kwenye bei.

Hatua ya 4: Itikise bei

Hii ndiyo hatua nisiyokubali kuiruka. Hatifungani ya kuponi 5 inayouzwa 100 leo, riba ya soko ikipanda hadi 7, itakuwa na bei gani? Ya miaka 2 itashuka hadi karibu 96.4. Ya miaka 10 itashuka hadi karibu 86. Mkopaji ni yuleyule na uaminifu wake haujapungua, lakini hasara ya pili ni karibu mara nne ya ile ya kwanza.

Kipimo cha haraka ni dyuresheni, kinachoonyesha bei itasogea kwa asilimia ngapi riba ikisogea kwa pointi 1. Kwa ile ya miaka 10 ni karibu 7.7. Ukisikia 7.7, jiulize kama unaweza kuvumilia kuona karibu asilimia 15 ikipungua kwenye taarifa yako riba ikipanda pointi 2, bila kulazimika kuuza. Kama huwezi, fupisha muda. Ukishika hadi kuiva utalipwa 100 yako, lakini faraja hiyo ni ya yule tu ambaye hatalazimika kuuza njiani. Rudi kwenye tarehe ya hatua ya 1.

Hatua ya 5: Sasa pima uaminifu

Toa faida ya hatifungani ya serikali ya muda uleule kwenye faida ya hatifungani ya kampuni. Kinachobaki ni pengo la mkopo, yaani malipo yako ya kubeba hofu.

Mfano: serikali 5, kampuni 8, pengo 3. Ukikisia kwamba kampuni za daraja hilo la uaminifu hushindwa kulipa kwa asilimia 4 kwa mwaka, na anayeshindwa huwarudishia wakopeshaji asilimia 40 ya deni, hasara unayotarajia ni 4 mara 0.6, yaani 2.4. Umebaki na 0.6. Kinachookolewa kikiwa asilimia 25 tu, hasara inafika 3 na umebeba hofu bure.

Linganisha pengo na historia yake. Kwa kampuni za Marekani zilizo chini ya daraja la BBB- (la mwisho kati ya madaraja ya mikopo yanayohesabiwa salama), pengo lilipita pointi 20 Desemba 2008, likakaribia 11 Machi 2020, na mwishoni mwa 2024 lilikuwa chini ya 3. Pengo jembamba halitabiri anguko la kesho. Linakuambia tu kwamba ukikosea, mto wa kuangukia ni mdogo. Likiwa hivyo, mimi huchagua mkopaji bora zaidi na kukubali riba pungufu.

Hatua ya 6: Soma masharti

Tafuta mambo matatu: nani analipwa kabla yako, mkopaji anaweza kulipa mapema lini, na deni lake kubwa linaiva mwaka gani. Kampuni iliyokopa kwa asilimia 3 mwaka 2021 na kulazimika kukopa upya kwa 8 inaweza kuwa na mauzo mazuri na bado ikakwama.

Kwenye mifuko inayokopesha kampuni moja kwa moja, nje ya benki, ongeza swali la nne: riba inalipwa taslimu au inaongezwa kwenye deni? Mikopo hiyo haiuzwi sokoni kila siku, hivyo bei yake inaweza kuonekana imetulia huku mkopaji akizidi kudhoofika. Riba inayorundikwa kwenye deni ni dalili ya mapema kuliko bei.

Hatua ya 7: Andika sababu ya kununua

Mstari mmoja unatosha: "Nalipwa pointi kadhaa kwa muda na kadhaa kwa uaminifu, nitaiangalia upya kimojawapo kikibadilika." Faida ya serikali ikipanda na pengo likabaki palepale, kilichobadilika ni bei ya muda, na hesabu ya kurudia ni ya hatua ya 4. Pengo likipanuka peke yake, kagua taarifa za fedha za mkopaji siku hiyohiyo.