Kitenge kimeshonwa, sasa ukivalie nini? Kuchagua urembo wa sendofu na harusi

Fundi ameshatoa gauni, limekukaa vizuri, na Jumamosi ndiyo sendofu. Alhamisi wateja wanaingia kwenye fremu yangu Kariakoo, simu mkononi ina picha ya gauni: "Dada, nipe seti." Seti ni ule mkufu, hereni, bangili na pete vilivyopangwa kwenye boksi moja, vyote vina kito kilekile. Ninaziuza, maana kodi ya fremu hainisubiri. Lakini ukiniuliza kama dada yako, seti nzima juu ya kitenge ni vurugu. Kitenge ndicho kinachoimba, urembo unaitikia tu. Hivi ndivyo ninavyompanga mteja akinipa nusu saa.

Hatua ya 1: Tandika gauni mchana

Litandike kitandani karibu na dirisha. Usiku chini ya taa, bluu iliyokoza inaonekana nyeusi na damu ya mzee inaonekana kahawia. Kando yake panga viatu, pochi na kila urembo ulio nao. Usitoke kwenda dukani kabla ya hapo. Mara nyingi unachokitafuta kipo kwenye lile kopo la biskuti unalotunzia hereni.

Hatua ya 2: Tazama shingo ya gauni

Hapa ndipo penye kazi. Shingo ya V inataka mkufu mwembamba unaoishia vidole viwili juu ya ncha ya V. Ukizama ndani ya nguo utakuwa unauvuta usiku kucha. Kwa wengi wetu mkufu wa sentimita 40 mpaka 45 unakaa kwenye mitulinga au chini yake kidogo, lakini shingo hazilingani. Zungusha uzi shingoni mpaka unapotaka mkufu ufike, ukate, uje nao.

Shingo ya duara iliyobana, au kola ya kusimama, iache tupu na uhamie masikioni. Mabega yakiwa wazi, hapo kidani kipana cha shanga kina uwanja wake. Ila uchague: kidani au hereni kubwa. Vikikutana vyote, uso unapotelea katikati. Na kama fundi ameshajaza darizi au mawe kifuani, urembo wa shingo umeshalipia, usinunue mwingine.

Mvaaji wa ushungi masikio na shingo vimefunikwa, kwa hiyo kazi inashuka mikononi: pete moja yenye uzito, saa au bangili, na pochi. Mtandio wa shifoni usiuchome pini nene, utavuta nyuzi na tundu halitazibika. Pini za sumaku zipo, na si ghali.

Hatua ya 3: Tafuta rangi iliyo chache

Alikuja binti mmoja mwenye kitenge cha njano na bluu. "Dada, naomba hereni za njano."

"Lete kipande, mdogo wangu." Wateja wangu nimewazoesha kuja na kitambaa kilichobaki kwa fundi.

Tukakinyoosha juu ya kioo cha kaunta. Njano imejaa, bluu imejaa, lakini kila ua limezungushiwa mstari wa damu ya mzee, mwembamba kama uzi wa cherehani. Nikaweka hereni za njano juu yake, zikamezwa. Nikaweka za damu ya mzee, shanga ndogo za mviringo, na ile mistari ambayo hatukuwa tunaiona ikajitokeza kitambaa kizima. Binti akanyamaza kidogo. Akalipia hizo na bangili moja ya mbao.

Ukikosa rangi hiyo, mbao, pembe ya ng'ombe au dhahabu isiyong'aa sana hazigombani na kitenge karibu chochote. Sare ndiyo tofauti. Mkiwa mashangazi ishirini mmevaa kitambaa kimoja, urembo ndio utakaokutambulisha, hivyo ongeza ukubwa kidogo na wala usione haya.

Hatua ya 4: Kagua madini

Niliwahi kwenda harusini na mkufu "wa dhahabu" niliouziwa kwa maneno matamu. Kufika saa nne usiku, kola ya gauni langu la rangi ya maziwa ilikuwa na duara la kijani. Ndani ilikuwa shaba, na kwa joto letu la Dar jasho linaifikia haraka rangi ya juu ikishachujuka. Siku hizi natanguliza manukato na losheni, nasubiri vikauke, ndipo nivae urembo. Kama masikio yanakuwasha kila ukivaa hereni za bei rahisi, huenda ni nikeli, basi tafuta za stenlesi. Anayenunua dhahabu halisi aangalie muhuri: 750 ni karati 18, 875 ni karati 21, 916 ni karati 22.

Hatua ya 5: Kilemba na hina

Kilemba kikubwa cha kitenge hichohicho ni urembo tosha. Chini yake weka hereni fupi. Zile pana zitagonga kitambaa na kugeuka upande kila ukitikisa kichwa. Mikono yenye hina au piko mpaka kwenye kiwiko usiifunike kwa bangili. Umekaa saa ngapi kuchorwa?

Hatua ya 6: Viatu na pochi

Si lazima vifanane. Uliza tu sherehe iko wapi: ikiwa ni bustanini, mchuchumio wa kisigino chembamba utazama kwenye nyasi, chukua kisigino kipana. Pochi ipime kwa simu na kadi ya mwaliko, maana kadi za siku hizi ni kubwa, na kuikunja ndipo uingie nayo mlangoni si jambo zuri.

Hatua ya 7: Vaa vyote na userebuke

Ijumaa, siyo Jumamosi. Vaa kila kitu, keti, inama kama unayemsalimia bibi, inua mikono, serebuka wimbo mmoja. Mtu akupige picha ya mwili mzima, uitazame ikiwa ndogo kwenye simu. Jicho likienda mahali pawili kwa wakati mmoja, vua urembo wa sehemu moja. Hereni ikinasa kwenye mtandio mara mbili, ibadilishe palepale. Ukimaliza, weka ndani ya pochi pini tatu na vifungo viwili vya akiba vya hereni, vile vya plastiki, kwa kuwa kifungo kikidondoka ukumbini hukioni tena.