Kuchagua mashine ya kufyekea nyasi kwa uzito wake

Uzito unaoandikwa kwenye boksi la mashine ya kufyekea ya petroli kwa kawaida ni wa mashine kavu: tangi tupu, mara nyingi bila kichwa cha uzi (cha mbele, kinachozungusha uzi wa kukatia nyasi) wala kinga yake. Begani utabeba zaidi ya hapo. Lita moja ya petroli ina takriban gramu 750. Mashine iliyoandikwa kilo 7.2, ikishafungwa kila kitu na kujazwa lita moja, inaweza kukaribia kilo 9. Dukani omba ifungwe kamili, panda nayo kwenye mizani ya kupimia watu, kisha panda mikono mitupu. Toa, halafu ongeza mafuta kwa hesabu.

Hata hivyo, namba hiyo ni nusu tu ya habari. Kilo 8 zilizotulia mkandani hazichoshi kama kilo 6 zinazovuta mbele. Vaa mkanda, uurefushe mpaka ndoano ikae upana wa kiganja chini ya nyonga ya kulia, tundika mashine ikiwa imezimwa, kisha achia mikono taratibu. Kwa kichwa cha uzi au kisu cha nyasi, ncha iguse ardhi kidogo tu. Kwa kisu cha duara chenye meno ya msumeno, ielee kama sentimita 20 juu ya ardhi. Ikizama, legeza skrubu ya kipete cha kwenye bomba kinachoshika ndoano na ukisogeze kuelekea kwenye kichwa. Kipete kikifika mwisho na bado inazama, iache hiyo mashine.

Ukipuuza jambo hili, mkono wa mbele utakuwa winchi ya kuinua kichwa kutwa nzima. Utajikuta unaegemea nyuma na kiuno kinalipa. Uzi nao unakwangua udongo, unaisha haraka na kurusha kokoto.

Uzito wa kwenye ncha ndio mkali kuliko wote. Ukifunga kisu kilichozidi kichwa cha uzi kwa gramu 300, mita 1.2 mbele ya ndoano, kukisawazisha kunahitaji gramu 900 upande wa injini, sentimita 40 nyuma. Ndiyo maana kila ukibadili kisu lazima usawazishe upya. Tangi pia huwa upande wa injini, hivyo mafuta yakipungua kichwa huanza kuzama. Sawazisha tangi likiwa nusu.

Kwa ua wenye ukoka, cc 25 na kilo 5 hivi zinatosha, hata yenye bomba lililopinda, ingawa nyingi za aina hiyo hazifai kufungwa kisu cha chuma. Kwa mabingobingo na vichaka, nenda cc 40 na kuendelea, kilo 7 hadi 9, na mkanda wa mabega mawili. Usinunue nyepesi kwa kazi nzito: utaishikilia ekseleta muda wote huku uzi ukikwama kwenye mashina, klachi itaungua, na kazi ya saa moja itakuwa ya saa mbili. Injini isiyohitaji kuchanganyiwa oili kwenye petroli huwa nzito kidogo kuliko ya mchanganyiko yenye cc zile zile.

Kabla ya kulipa, izungushe kulia na kushoto kwa dakika tano, kwa mwendo wa kufyeka. Vidole vikianza kukaza kishikio ili kuizuia isizame, rudi kwenye kipete, au chukua nyingine.