Kuunda na Kutangaza Programu ya Mtandao wa Kijamii Ukiwa Msanidi wa Pekee

Programu nyingi za mtandao wa kijamii zinazoundwa na mtu mmoja huuawa na ukimya. Mtu anapakua, anajisajili, anafungua ukurasa wa mwanzo na kukuta hakuna chapisho wala sura anayoifahamu, kisha anaifunga asirudi tena. Programu yangu ya kwanza niliitangaza siku moja kwa watu wa kila aina. Walijiandikisha wengi, lakini kila mmoja alikuwa kama mgeni aliyefika ukumbini kabla ya wenyeji.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika msimbo, chagua kundi moja dogo ambalo tayari lina mambo ya kuambiana: wanakwaya, wanafunzi wa darasa moja au mafundi wa fani moja. Facebook yenyewe ilianza Februari 2004 kwa wanafunzi wa Harvard pekee, ikaenda chuo baada ya chuo, na haikufunguliwa kwa umma hadi Septemba 2006.

Kisha amua tendo moja ambalo programu yako italifanya vizuri. Kevin Systrom na Mike Krieger walikuwa na programu iliyoitwa Burbn, iliyosheheni mambo mengi. Wakayaondoa karibu yote, wakabakiza picha, maoni na alama ya kupenda, wakaitoa Oktoba 2010 kwa jina la Instagram. Usajili, hifadhidata na arifa vitafutie huduma zilizo tayari. Nguvu zako ziweke kwenye picha, kwa kuwa ndizo zinazokuza ankara ya seva, yaani kompyuta za kukodi zinazohifadhi data ya programu: zipunguze ndani ya simu kabla hazijapakiwa, na ukurasa uvute machapisho machache kwa awamu badala ya yote kwa pamoja.

Sehemu ambayo wasanidi wengi huiahirisha, nami nakusihi uitangulize, ni usalama wa watumiaji. Duka la Apple hudai kwamba programu yenye maudhui ya watumiaji iwe na njia ya kuchuja yasiyofaa, ya kuripoti, ya kumzuia msumbufu, na anwani ya kuwasiliana nawe. Tena anayefungua akaunti aweze kuifuta humo humo. Weka kwenye kila chapisho vitone vitatu vinavyofungua orodha yenye neno "Ripoti". Mtu akigusa "Ripoti" na kutaja sababu, chapisho lipotee papo hapo machoni pake, nawe upate ujumbe wenye chapisho hilo na kitufe cha kuliondoa. Mtu aliyetukanwa usiku hawezi kungoja hadi utakapokuwa na nafasi. Unapowasilisha programu dukani, wape wakaguzi wa duka akaunti ya majaribio iliyokwisha kujazwa machapisho, la sivyo nao watakutana na ukurasa mtupu.

Kwa Google Play, duka la programu za simu za Android, akaunti binafsi ya msanidi iliyofunguliwa baada ya tarehe 13 Novemba 2023 sharti iwe na wajaribu wasiopungua 12, kwa siku 14 mfululizo, kabla ya kuruhusiwa kuitoa programu kwa umma. Wengi huliona sharti hili kuwa kero na kuwatafuta wajaribu wasiowajua. Watumie watu wa lile kundi lako: siku hizo 14 zitakuachia machapisho halisi kabla mgeni wa kwanza hajabisha hodi.

Katika kutangaza, anza na mtu anayesikilizwa ndani ya kundi, umweleze waziwazi kwamba wewe ndiye mwundaji, na umwombe awaalike wenzake yeye mwenyewe. Kiungo cha mwaliko kimpeleke mgeni moja kwa moja kwenye mazungumzo aliyoitiwa. Usijaze akaunti bandia ili programu ionekane imechangamka. Watu wakigundua, na hugundua, hawatakuamini tena. Idadi ya waliopakua isikutie kiburi. Hesabu waliojisajili wiki iliyopita ambao wamerudi leo. Kundi likipitisha wiki nzima likichapisha na kujibizana bila wewe kuanzisha jambo, nenda kwa kundi la pili, ukianzia kwa lile lenye watu wanaofahamiana na wale wa kwanza.