SOMO: Kuitoa programu ya Fortran 77 (lugha ya zamani ya kompyuta) kwenye uandishi wa kizamani

Suala hili limeulizwa mno humu, kwa hiyo naliandika mara moja. Mfano wetu ni ile programu ya kukokotoa maji kujaa na kupwa, maana ndiyo inayowasumbua wengi.

1. Nakili faili, iendeshe kwa gfortran (kompaila ya Fortran) kama ilivyo, hifadhi majibu. Utayalinganisha kila baada ya hatua.

2. Mwisho wa jina la faili, .f iwe .f90.

3. C au * (alama ya maelezo) ya safu ya kwanza, yaani nafasi ya kwanza ya mstari, iwe !. Alama ya kuendeleza mstari iliyopo safu ya 6 itoe, uweke & mwisho wa mstari wa juu yake.

4. Futa kilichovuka safu ya 72. Zamani hakikusomwa; sasa mstari husomwa hadi herufi 132.

5. .GT. iwe >, .EQ. iwe ==. DO 10 yenye 10 CONTINUE iwe do na end do. GO TO 10 ya ndani yake iwe cycle.

6. Weka implicit none kwenye kila program, subroutine na function. Hapa msikimbilie! Kompaila itadai kila kigeu kitangazwe, na watu hutangaza kwa mazoea: jina linaloanza na I hadi N ni integer (namba nzima). Kwanza tazama juu ya programu. Ukikuta IMPLICIT REAL (A-Z), yaani majina yote ni real (namba za desimali), mwandishi alikwishaifuta kanuni hiyo. M2, N2 na K1 ni kasi za mawimbi ya kujaa na kupwa, kwa nyuzi kwa saa, zina desimali. Ukiifanya M2 integer, 28.984104 inakatwa kuwa 28, na ndani ya siku moja tu saa ya maji kujaa imekosewa kwa kiasi cha dakika 49. Programu itaendelea kukupa majibu bila kulalamika.

MASWALI

— Nimefuata zote, inagoma. Nisaidieni haraka.

— Inagoma vipi? Bandika kosa.

— Inasema mstari wa 3 haiuelewi. Umeanza na C.

— Hatua ya 3. Soma tena.

— Mwalimu, ndani ya function nimeweka real :: kina = 0.0. Saa ya kwanza jibu sawa, kuanzia ya pili kina kinapanda tu. Kufika usiku Forodhani yote imezama.

— Hili suala zuri, dada. Thamani inayotolewa kwenye tangazo huwekwa mara moja tu, kisha kigeu kinabaki na kumbukumbu yake kila function inapoitwa tena. Tangaza real :: kina peke yake, halafu mstari mwengine chini: kina = 0.0.

— Ahsante. Nikitaka usahihi zaidi?

— Tumia real64 (desimali ya biti 64) ya moduli ya iso_fortran_env, na namba uandike 28.984104_real64. Bila mkia huo inasomwa kwanza kwa usahihi mdogo.

— Kuna njia ya kujua M2 imekatwa bila kupekua msimbo wote?

— Ipo. S2, wimbi la jua, ni nyuzi 30 kwa saa; M2 ni la mwezi. Kutoka bamvua (maji makubwa) moja hadi nyengine ni 360 gawanya kwa tofauti ya S2 na M2, unapata saa; gawanya kwa 24: siku 14.77. Zikitoka siku 7.5, M2 yako ni 28.